Ziwa Tanganyika lilivyokosa sifa ya kuwa "offshore" hapa Lubumbashi, mpaka dada yangu alipofunika sufuria

Wakuu, za kutwa.

Mnaonijua humu mnajua sileti chai. Ninachoandika leo nilikiona kwa macho yangu, nikiwa nimekaa meza ya mbele, na jina langu limechapishwa kwenye kibao. Asiyeamini apite tu, uzi hauna kiingilio.

Kwanza nijitambulishe kwa wageni.

Mimi ni mtoto wa Lubumbashi, mtaa wa Naviundu. Nilianza kazi nikiwa mlinzi wa geti kwenye mgodi upande wa Kinsevere, nikifungulia magari ya wenye vyeo. Sikuwa na mjomba serikalini. Nikavuka mpaka, nikaenda Tanzania, nikasoma usalama kazini huku nikibeba mizigo, nikapata diploma, nikafanya kazi kwenye mitambo ya gesi baharini upande wa Mtwara. Ndiyo maana Kiswahili changu kimenyooka namna hii. Ndugu zangu wa hapa wakinisikia wanauliza kama ninasoma taarifa ya habari.

Nimerudi kwa ndege, nikatua Luano na masanduku yangu. Nyumba nimejenga mwenyewe. Diploma iko sebuleni, kwenye fremu, mahali ambapo mgeni hawezi kukaa bila kuiona. Sijisifu, ninaeleza tu mpangilio wa samani.

Tuendelee.

Mtu aliyefanya kazi baharini akirudi Lubumbashi ni kama rubani aliyehamia chini ya kitanda. Hapa tuna shaba, tuna vumbi, tuna malori. Bahari hatuna. Maji ya chumvi yaliyo karibu yako kwenye sufuria ya sombe, yaani kisamvu.

Kwa hiyo nilishangaa nilipopata mwaliko wa kikao cha siku mbili, hotelini, hapa hapa mjini, cha kuhuisha maana za maneno kwenye kanuni za usalama wa mafuta na gesi offshore. Yaani kazi zinazofanyika juu ya maji.

Sababu ilikuwepo. Kanuni za zamani ziliandikwa wakati mafuta yetu yote yalikuwa kule pwani, magharibi kabisa. Siku hizi kuna kampuni zinatafuta mafuta kwenye maziwa ya mashariki, na wakubwa wao wanapenda hoteli za Lubumbashi. Basi bahari ikaletwa kwetu kwa ndege.

Nilialikwa kama mtaalamu. Mji mzima hawakupata mwingine aliyewahi kulala juu ya mtambo wa baharini. Nilichukua hilo kama heshima, na bado ninalichukua hivyo.

Sasa niwaeleze kwa nini jambo hili halikuwa utani kwangu.

Dada yangu mkubwa anaitwa Béa. Huku tunasema yaya Béa. Ni mpishi wa sherehe na mikutano: harusi, misiba, makongamano, popote penye watu na njaa. Mume wake, shemeji Kazadi, ni mtu wa asili ya Kasai, mpole, mpishi vilevile. Yeye amepata kazi kwa kampuni moja inayotafuta mafuta Ziwa Tanganyika. Anapikia vijana wanaokaa kwenye jukwaa linaloelea katikati ya ziwa. Wanalala huko huko juu ya maji, wiki kadhaa, kisha wanarudi nyumbani kupumzika.

Jukwaa hilo halikuwa na boti la uokoaji.

Mara moja upepo ulichafuka, kamba za nanga zikakatika, jukwaa likaanza kutembea peke yake kama ng'ombe aliyevunja zizi. Waliowavuta kurudi ni wavuvi wa dagaa. Kazadi hajui kuogelea hata kwenye beseni.

Vijana wakaiandikia kampuni kuomba boti. Kampuni ikajibu kwa upole mkubwa: kanuni inadai boti la uokoaji kwa kila mtambo wa offshore. Na offshore, kwa maana iliyoandikwa, ni shughuli inayofanyika baharini. Ziwa si bahari. Asanteni kwa kuandika.

Kisheria walikuwa sahihi, wakuu. Ukizama baharini, umezama kwa mujibu wa kanuni. Ukizama ziwani, umeoga vibaya.

Wiki ya kikao Kazadi alikuwa nyumbani mapumzikoni, na baada ya hapo alitakiwa kurudi ziwani. Yaya Béa akanijia sebuleni. Akaiangalia diploma, akaniangalia mimi.

"Weye unasoma miaka yote ile, diplôme inajaa mu salon, na bwana yangu iko analala juu ya maji bila boti? Ile diplôme inafanya kazi gani? Inafukuza mbu?"

Nikamwambia atulie, mtaalamu ndiye mimi, siku mbili tu neno litabadilika.

"Sawa. Kama haibadilike, usikuje kukula bukari kwangu tena."

Bukari ni ugali, wakuu. Na bukari ya yaya Béa si kitu cha kupoteza kwa sababu ya definition.

Siku ya kwanza.

Tulianza kwa maombi. Kisha hotuba ya kukaribisha. Kisha hotuba ya kuishukuru hotuba ya kukaribisha. Kila aliyesimama alitaja vyeo vya waliokuwepo wote, kuanzia juu mpaka alipochoka. Nilihesabiwa kama "mtaalamu wetu wa bahari". Sikupinga.

Msimamizi wa kikao alikuwa wakili mmoja, Maître Kabeya. Suti ya bluu, sauti ya redio. Huyu Maître alikuwa msimamizi, na ndiye aliyeandika rasimu, na pia ni mshauri wa sheria wa kampuni ile ile ya ziwani. Mungu akimpenda mtu hampi kipaji kimoja.

Sasa hapa niwaeleze desturi ya vikao vyetu, maana bila hiyo hamtaelewa.

Huku hatupigi kura. Kura inaleta uhasama. Kifungu kinasomwa, watu wanagombana kuhusu mkato na nukta, kisha msimamizi anasema "triple ban!" na ukumbi wote unapiga makofi kwa mdundo, mara tatu, pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa. Kikishapigiwa ban kifungu kimepita. Kinaitwa acquis, yaani kimeshapatikana, na hakuna anayeruhusiwa kukirudia. Unaweza kufufua maiti kabla ya kufufua acquis.

Jambo la pili: rasimu ilikuwa ya Kifaransa, na maneno yalipangwa kwa alfabeti. Kwa hiyo "accident" tuliifanyia kazi asubuhi nzima. Watu walikuwa na nguvu. Mjumbe mmoja alitaka kujua kama ajali ikitokea bila mtu kuumia inaitwa ajali au inaitwa bahati.

"Bateau", yaani chombo cha majini, ikatuchukua hadi chai ya alasiri.

Mimi nilikuwa ninasubiri nafasi yangu. Nikamfuata Maître wakati wa chai, nikamweleza suala la ziwa. Akanishika mkono kwa mikono yote miwili.

"Mukubwa, uko na haki kabisa! Tutaliingiza kwa lettre L. Lac. Weye mwenyewe utatoa exposé. Bantu banataka kukusikia."

Wakuu, mtu akikwambia watu wanataka kukusikia, wewe utasema hapana?

Tulipofika L nilisimama. Nilieleza ziwa ni nini. Nilieleza mawimbi ya ziwa, upepo wa ziwa, kina cha ziwa. Kutoka hapo nikaona si vibaya kueleza kidogo maisha ya Mtwara, helikopta, mafunzo ya kutoka ndani ya chombo kilichopinduka majini, na namna nilivyowahi kumkatalia mzungu mmoja kuwasha mtambo kabla ya ukaguzi. Ukumbi ulikuwa kimya. Wengine walikuwa wamefumba macho ili wasikie vizuri zaidi.

Nilipomaliza, "lac" ikaingizwa: eneo la maji ya ndani ya nchi, lenye kina na mawimbi, na kadhalika. Maneno mazuri, mengi yangu.

Maître akasimama, macho yanang'aa.

"Bakubwa, mutaalamu huyu anatuheshimisha! Juu ya kumushukuru, naomba tusimuchokeshe na maneno ya kidogo-kidogo. Yote inabakia, kutoka M mpaka Z, tuikubali sasa, iwe zawadi yake. Triple ban!"

Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa.

Na mimi nikasimama, nikainama kidogo, mkono kifuani. Ban ya heshima hupokelewa umesimama, hiyo ndiyo adabu.

Nilirudi nyumbani kwa yaya Béa nikitembea katikati ya barabara. Bukari ilikuwa tayari, na Kazadi alikuwa mezani. Nikawatangazia kwamba ziwa limeingia kwenye kanuni. Yaya akapiga vigelegele, akaniongezea samaki.

Kazadi, ambaye huwa haongei, na ambaye huniita beau, yaani shemeji, akauliza polepole:

"Beau, na offshore?"

"Offshore imefanya nini?"

"Banaandika nini pale kwa offshore?"

Nikafungua rasimu kwenye simu. Nikashuka. M. N. O.

"Offshore: shughuli yoyote ya mafuta au gesi inayofanyika baharini."

Ilikuwa vile vile ilivyozaliwa. Hakuna aliyeigusa. Na O iko kati ya M na Z, kwenye zawadi yangu.

Hebu mwone kazi ya wakili mzuri, wakuu. Ziwa limepewa maana nzuri, ndefu, yenye mawimbi. Halafu hakuna kifungu hata kimoja kinacholitumia. Limekaa pale kama watu wengi tunaowajua wenye diploma: lina maelezo kamili, kazi halina.

Yaya Béa akainuka. Aliondoa sahani yangu. Nilikuwa sijamaliza.

Siku ya pili.

Nilinyoosha mkono kabla hata ya maombi. Nikaomba turudi kwenye O. Maître akatabasamu kwa huruma.

"Mukubwa, ile iko acquis. Na njo weye ulipokea ban. Ukumbi nzima inakuona umesimama."

Ukumbi mzima ukatingisha kichwa. Kweli walikuwa wameniona.

Nikabaki nimekaa na kibao changu. Kesho yake Kazadi alikuwa anasafiri kurudi ziwani. Mbele yetu kulikuwa na mambo mawili tu: chakula cha mchana, na picha ya pamoja.

Na chakula cha mchana, wakuu, mpishi aliyekodiwa na hoteli alikuwa yaya Béa. Sikuwa nimelitaja kwa sababu siku ya kwanza alituma wasaidizi wake. Siku ya pili alikuja mwenyewe.

Muda ulifika. Tukapanga mstari uani, kwenye meza ndefu. Sufuria zimefunikwa. Harufu ya thomson wa kukaanga ilikuwa imeshaingia ukumbini tangu wakati wa kusoma muhtasari. Thomson ni wale samaki wa kugandishwa wanaoletwa kutoka bahari za mbali, kila mtu hapa anawala. Yaya Béa amesimama nyuma ya meza, kitambaa kichwani, mwiko mkononi.

Maître Kabeya alikuwa wa kwanza kwenye mstari. Msimamizi husimamia hata mstari.

"Bonjour Maître," yaya akamwambia. "Weye unatoka bahari gani?"

"Mama?"

"Nauliza, bahari gani?"

"Mama, miye niko mutu ya hapa. Huku bahari iko wapi?"

"Aa, pole sana. Bukari ya leo iko ya bantu ba bahari. Njo définition."

Watu wakacheka. Maître naye akacheka, akanyoosha sahani. Mfuniko haukuinuka.

"Mama, tuache michezo. Bantu beko na njala."

"Njala iko," yaya akasema. "Lakini haiko offshore."

Hapo kicheko kikapungua kidogo.

Nyuma yake alikuwa mjumbe wa Kalemie, mzee mnene wa chama cha wenye mitumbwi, mtu wa sauti kubwa. Akasogea mbele kwa matumaini.

"Mama, miye natoka Kalemie. Kwetu maji iko mingi, mingi!"

"Kalemie iko lac, papa. Lac banaiandika jana, inapendeza sana. Lakini haina sahani."

"Sasa nani anakula?"

"Mutu wa bahari. Nani hapa alifika bahari?"

Shingo zote zikageuka kwangu.

Wakuu, nilipita mbele. Mfuniko ukainuka, nikawekewa bukari, sombe, na thomson wawili. Yaya akasema kwa sauti ili wa nyuma wasikie kwamba mle uani ni mimi na hao samaki tu tuliokuwa na haki. Nikakaa kwenye kiti, peke yangu, mbele ya wajumbe wote, nikala.

Sikuharakisha. Nilitoa miiba kwa utaratibu, kama nilivyofundishwa kufanya ukaguzi.

Maître sasa alikuwa amekasirika. Akashusha sauti, lakini hasira haina siri.

"Mama, ukiendelea hivi utapoteza hii kazi. Nitaongea na hoteli. Hautapika tena hata kwa atelier moja, hata kikao moja, mu hii mji."

Yaya Béa akaweka mwiko juu ya mfuniko.

"Ondoa ile kazi," akasema. "Bwana yangu anarudia kesho ku lac, juu ya ile kintu yenu, bila boti. Akizama, miye nitapikia nani?"

Sahani zilizokuwa zimenyooshwa zikashuka. Hata mimi niliacha kutafuna.

Mzee wa Kalemie akaangalia sahani yake tupu, akamwangalia Maître, kisha akasema kwa ile sauti ya kuita mtumbwi ulio mbali:

"Tufungue lettre O!"

"Acquis haifunguliwe," Maître akajibu.

"Ban njo inaifunga? Basi ban itaifungua. Bandugu, triple ban!"

Pa-pa-pa, pa-pa-pa, pa-pa-pa. Uani hapo hapo, wengine wakipiga sahani. Sijawahi kusikia ban yenye moyo namna ile. Siku nzima ya kwanza watu walipiga makofi kama wanaua mbu. Hii ilitoka tumboni.

Katibu akaletewa kompyuta yake uani. Marekebisho yakasomwa: "baharini, ziwani, au katika maji yoyote ya ndani ya nchi." Hakuna aliyeuliza kuhusu mkato wala nukta. Asubuhi nzima kwa ajili ya "accident", wakuu, na hili lilichukua muda mfupi kuliko kunawa mikono.

Yaya akaanza kuinua mfuniko.

Ndipo Maître akamwinamia katibu, kwa sauti ya mtu anayerekebisha tahajia: "Na uongeze pale kwa mwisho, isipokuwa majukwaa ya muda."

Hapa sasa, wakuu, ndipo diploma iliposhuka kutoka ukutani.

Kwa sababu najua kitu ambacho wale wote hawakukijua. Jukwaa la kutafuta mafuta siku zote ni la muda. Hata likikaa mpaka watoto wa Kazadi waoe, kwenye karatasi ni la muda, linahamishwa likimaliza. Maneno yale machache yangetoa nje kila jukwaa lililoko ziwani, na kubakiza ndani mitambo ya kudumu. Ambayo ziwani hakuna hata mmoja.

Nikasimama na sahani mkononi.

"Yaya," nikasema, "funika!"

Mfuniko ukashuka, kwa!

Mstari mzima ukageuka kumtazama Maître Kabeya. Hawakuhitaji maelezo ya kitaalamu, ingawa niliyatoa, na niliyatoa kwa urefu unaostahili. Mzee wa Kalemie alimwekea mkono begani, mkono mzito wa mtu aliyevuta nyavu maisha yake yote.

"Maître. Futa."

Katibu akafuta. Ban ikapigwa. Watu wakala. Maître naye alipewa chakula, yaya si mtu wa kinyongo, ila samaki wake alikuwa na kichwa kikubwa na mkia, katikati hapakuwa na habari nyingi.

Picha ya pamoja tulipiga wote tumeshiba. Nimo katikati.

Najua kuna mtu atauliza: kwa hiyo kanuni imepita? Tulia. Maandishi yalitumwa Kinshasa kusainiwa, na huko yanapumzika baada ya safari ndefu. Naambiwa yanaendelea vizuri.

Lakini Kazadi hakusubiri saini. Alirudi ziwani na taarifa ya kikao, ile yenye orodha ya waliohudhuria na jina la wakili wa kampuni likiwa juu kabisa. Vijana wa jukwaa wakakaa ufukweni, wote, wakasema: mshauri wenu mwenyewe amekubali kwamba hapa ni offshore, sisi tutapanda boti likifika. Hawakugombana na mtu. Walikaa tu. Mpishi naye alikaa, na jukwaa bila mpishi halikaliki.

Boti likaja. Kampuni ikatoa tangazo kwamba imelileta kwa hiari yake, kwa sababu inawajali wafanyakazi. Nilifurahi sana kusikia hivyo. Upendo ukianza hauna taarifa.

Yaya Béa alipoteza kazi ya hoteli, kama alivyoahidiwa. Maître ni mtu wa kutimiza ahadi. Sasa yaya amerudi kwenye harusi na misiba, na anasema misibani hakuna anayemwuliza acquis.

Jioni ile boti lilipofika, Kazadi alituma ujumbe wa sauti. Hakusema mengi, mnajua alivyo. Aliwasha injini tu, akaiacha ingurume, kisha akasema, "Béa, unasikia?"

Yaya aliusikiliza akiwa amesimama mlangoni. Akausikiliza tena. Halafu akaniuliza kama nimekula.

Funzo langu, kwa wenye diploma na wasio nazo: mkiletewa kanuni, msikimbilie vifungu vya adhabu na faini. Nendeni mwanzo kabisa, kwenye zile kurasa za maana za maneno ambazo kila mtu anaziruka kwa sababu zinachosha. Huko ndiko watu wanakotolewa nje ya mlango, taratibu, bila kelele, huku mkipiga makofi. Na mtu akikupa zawadi ya herufi kumi na nne kwa mkupuo, zisome zote kabla ya kuinama.

Ninyi wakuu wa Kigoma, ziwa ni hilo hilo moja, tumegawana tu fukwe. Kwenye kanuni zenu hayo maji yanaitwaje? Aliyewahi kuangalia aweke hapa chini. Ambaye hajaangalia na ana ndugu anayelala juu ya maji, aache kusoma uzi wangu, akaangalie kwanza.